Mnasema Nini Hapo?

Kuvuka kutoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu ni safari ya dakika chache tu. Pantoni inajaa pikipiki, baiskeli, ndoo za samaki na watu waliosimama bega kwa bega, na kwa kuwa hakuna pa kusogea, maongezi ya mmoja yanaingia masikioni mwa wote. Siku moja walikuwamo kina mama wawili wa makamo, wamekaa juu ya mizigo yao, wakiongea Kimakonde cha ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Sauti zao zilikuwa za chini. Kijana mmoja aliyesimama karibu nao akawageukia: "Mama zangu, hapa ni Tanzania. Ongeeni Kiswahili tuwaelewe. Mnasema nini hapo?"

Wakanyamaza. Mmoja akavuta kanga kichwani, mwenzake akageukia baharini, na hawakusemezana tena hadi tuliposhuka. Hakuna abiria aliyesema neno, nami sikusema. Najutia hilo mpaka leo.

Neno lililonibaki ni "tuwaelewe". Kina mama wale walikuwa hawaongei na sisi. Hata kama wangeongea Kiswahili, adabu ingetutaka tujifanye hatusikii, kwa sababu huku pwani mtoto anafundishwa mapema kwamba kudukiza maongezi ya wakubwa ni utovu wa adabu. Iweje basi lugha ikibadilika, udukizi ugeuke haki?

Jibu la haraka ni kwamba binadamu hapendi asichokielewa. Nimelipima jibu hilo kwa maisha ya hapa kwetu na nimeona halisimami. Mikindani, Kilwa na Lindi mjini watu wameisikiliza Kurani kwa Kiarabu karne na karne, na wengi wao hawawezi kuitafsiri aya moja neno kwa neno. Wanalia inaposomwa vizuri. Kwenye kumbi za starehe watu wazima wamecheza nyimbo za Kilingala tangu ujana wao bila kujua mwimbaji analalamikia nini. Filamu za Kihindi zimewaliza watu ambao hawajui neno la Kihindi. Ndanda, huko Masasi, wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1906, na sijapata kumsikia mtu wa Masasi akimwambia padri mzee aache kuongea Kijerumani na mwenzake. Kwa hiyo masikio yetu yana nafasi kubwa sana kwa lugha tusizozielewa. Inategemea zinatoka kinywani mwa nani.

Wapo wanaosema kupendelea lugha ya kwetu ni jambo la kuzaliwa nalo, na hapo wana sehemu ya ukweli. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa miezi 10 huko Marekani na Ufaransa. Mtoto alionyeshwa watu wawili, mmoja akiongea Kiingereza na mwingine Kifaransa, kisha wote wawili wakamnyoshea mwanasesere wa aina moja bila kusema neno. Watoto walielekea zaidi kupokea kutoka kwa yule aliyeongea lugha ya nyumbani kwao. Lakini kumkimbilia wa kwetu ni jambo moja, kumnyamazisha wa kwao ni jambo jingine. Mtoto mchanga anafanya la kwanza. La pili anafundishwa akikua.

Tuangalie basi anafundishwa wapi.

Ukimuuliza mtu aliyekasirishwa na lugha ya abiria mwenzake, mara nyingi atakwambia, "Wananisema." Kicheko kikitoka anadhani kachekwa yeye, jicho likimpitia anadhani limepita na jina lake. Sitaki kuidharau hofu hiyo. Katika miji midogo kama yetu, kusengenywa kunaweza kumharibia mtu ndoa na biashara. Ila tazama inavyochagua. Kwenye hoteli za mjini Mtwara, wafanyabiashara wanaweza kukaa meza ya pili wakaongea Kiingereza saa nzima, na mhudumu asiyejua Kiingereza hatawaambia wabadilishe lugha. Atajilaumu yeye kwa kutosoma. Huyo huyo akipanda daladala jioni, akasikia bibi wawili wakiongea Kimakua, anaweza kukunja uso. Mbele ya lugha ya mwenye nacho tunaona aibu yetu wenyewe. Mbele ya lugha ya asiye nacho tunaona ukosefu wake wa adabu. Kutoelewa ni kule kule.

Hata jina tunalozipa lugha hizi linasema mengi. Kiswahili ni lugha, Kiingereza ni lugha, Kichina ni lugha. Kimwera, Kiyao na Kimakonde tunaviita "kilugha". "Wale wanaongea kilugha," tunasema, kana kwamba ni mabaki ya kitu ambacho zamani kilikuwa lugha nzima.

Najua dharau hii ina mizizi katika nia njema, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Taifa hili lina lugha zaidi ya 120, na waliotutangulia waliona majirani wakichinjana kwa makabila yao. Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili mwaka 1962, na Kiswahili kilipopewa nafasi yake serikalini mwaka 1967, kusudi lilikuwa kijana wa Newala akutane na kijana wa Bukoba wakae meza moja. Tulifanikiwa. Mtu anaweza kutoka Tandahimba akapangiwa kazi ya ualimu Mara, akaoa huko, akazikwa huko, na hakuna atakayemuuliza anafanya nini. Mimi ni mtoto wa mafanikio hayo na ninayapenda kwa moyo wangu wote. Ila njiani tulichanganya mambo mawili. Tulitaka kila mtu awe na lugha ya kuongea na wote. Tukaishia kudhani kwamba mtu akiongea na wa kwake kwa lugha ya kwao, anawabagua wote. Kiswahili kilichoundwa kuwa mlango tukaanza kukisimamisha kama mlinzi getini.

Na mlinzi huyo tulimfunza shuleni. Nilisoma sekondari katika shule moja ya mikoa hii. Palikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akiongea lugha isiyo Kiingereza alivikwa kile kibao, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akifanya kosa lile lile. Jioni aliyebaki nacho aliadhibiwa. Kwa hiyo mchana kutwa mwenye kibao alikuwa anazunguka nyuma ya madarasa, bombani, jikoni, akitega sikio. Hatukujifunza Kiingereza kwa njia hiyo. Tulijifunza kutegana. Niliwahi kumvalisha rafiki yangu kibao kile kwa sababu alisema neno moja la Kimakonde alipojikwaa. Neno la maumivu. Alinitazama, akainamisha kichwa nimvike.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wales, katika karne ya 19, shule nyingi zilikuwa na kipande cha mti kama hicho hicho kwa ajili ya watoto walioongea Kiwelshi, nacho kilipokezanwa kwa utaratibu huo huo, na wa mwisho akapigwa. Sikustaajabu kwamba mbinu hii imevuka bahari. Kilichonigusa ni jinsi inavyofanya kazi: inamfanya aliyeonewa awe mlinzi wa wenzake, na inamfundisha kwamba usalama wake upo katika kosa la mwingine. Kijana wa pantoni alikuwa na umri wa kutosha kuwa amepita katika mafunzo ya namna hiyo. Aliposikia lugha isiyoruhusiwa, sikio lake liliamka kabla ya akili.

Uturuki walijaribu jambo hili kwa nchi nzima. Mwaka 1928 wanafunzi wa sheria wa Istanbul walianzisha kampeni ya kuwataka wananchi wote waongee Kituruki, na matangazo yakabandikwa mahali pa umma. Waliolengwa walikuwa Wayahudi, Wagiriki na Waarmenia, watu waliozaliwa pale pale, ambao babu zao walizikwa pale pale. Walioonywa njiani hawakuwa wageni. Waligeuzwa kuwa wageni kwa kuonywa.

Lipo la usalama, na hili kwa mtu wa Mtwara si la kusoma magazetini. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, mpaka wetu haujalala vizuri. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma. Machi 2021 mji wa Palma, huko huko Msumbiji, ulishambuliwa, na watu walikimbilia upande wetu na nguo walizovaa. Baada ya matukio hayo, lafudhi ya ng'ambo ikawa kitu cha kutazamwa mara mbili. Ninaielewa hofu ile. Niliibeba na mimi.

Lakini hofu ya vita ni mwalimu mbaya wa sikio. Mei 1918, Marekani ikiwa vitani na Ujerumani, gavana wa jimbo la Iowa, William Harding, alitangaza kwamba ni Kiingereza pekee kitakachoruhusiwa shuleni, kanisani, kwenye treni, kwenye simu na katika maongezi ya hadharani. Adui alikuwa Mjerumani, lakini tangazo liliwaangukia hata Wadenmark, Wanorwei na Wacheki waliohamia kule, ambao baadhi yao watoto wao walikuwa wamevaa sare za jeshi la Marekani wakati huo huo. Wazee walikaa kanisani wakisikiliza mahubiri wasiyoyaelewa. Baada ya vita tangazo likafutwa. Miaka 100 kamili baadaye, Mei 2018, katika mji mdogo wa Havre huko Montana, wanawake wawili raia wa Marekani walisimamishwa na askari wa mpakani walipokuwa dukani kununua maziwa na mayai. Mmoja wao alimrekodi askari akieleza sababu: alikuwa amewasikia wakiongea Kihispania. Walifungua kesi, na mwaka 2020 ikamalizwa kwa makubaliano. Katika visa vyote viwili lugha ilifanywa kitambulisho cha mhalifu, na katika vyote viwili waliobanwa walikuwa watu wa nchi ile ile.

Sisi tuna historia iliyo bora kuliko hiyo, na naona tunaisahau. Miaka ya 1960 na 1970 wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo Nachingwea. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikaa pale. Lugha iliyowaunganisha wapiganaji wale, waliotoka makabila mengi ya Msumbiji, ilikuwa Kireno, lugha ya jeshi lile lile walilokuwa wakipigana nalo. Wakimbizi nao walipokewa Rutamba, Lindi, wakapewa ardhi wakalima. Wazee wetu walisikia Kireno sokoni na Kimakonde cha ng'ambo kisimani, na walijua fika kwamba kuwahifadhi watu hawa kunaweza kuwaletea mabomu. Hawakuwadai Kiswahili kwanza. Kiswahili walijifunza wenyewe, kwa kuuziana na kuoana, na leo wajukuu zao wanasali misikiti na makanisa yale yale na sisi. Makaburi ya askari wetu walioanguka Msumbiji yako Naliendele, Mtwara, na kijana akitaka kujua uhusiano wetu na watu wa ng'ambo, aende akayasome majina.

Nirudi kwenye mamlaka, maana hapo ndipo naona kiini chake. Mwaka 2014 mwanasiasa wa Uingereza, Nigel Farage, alisimulia alivyopanda treni kutoka London akapita vituo kadhaa bila kusikia Kiingereza ndani ya behewa, na akakiri kwamba hali hiyo ilimfanya ajisikie vibaya kidogo. Wengi walimlaani. Mimi nilipoyasoma maneno yale nilikumbuka Mtwara. Wakati bomba la gesi linajengwa, la zaidi ya kilomita 500 kutoka huku kwetu hadi Dar es Salaam, Kichina kilisikika barabarani, madukani, kwenye magari ya mradi. Watu walikereka. Nilisikia ikisemwa kwenye vijiwe vya kahawa: "Hawa wanaongea nini? Wanapanga nini?" Mei 2013 mji ukalipuka, watu wakafa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaletwa. Hakuna aliyeandamana kwa sababu ya Kichina. Watu walidai gesi iliyochimbwa Mnazi Bay iwanufaishe kabla haijasafirishwa, na walilalamika kwamba uamuzi ulifanyika bila wao. Ila lugha ile ngeni masikioni ilikuwa ishara ya kila siku kwamba jambo kubwa linapita mbele ya nyumba yako na hakuna aliyekwambia.

Naamini hapo ndipo kero ya kweli ilipo, kwa Mwingereza wa kwenye treni na kwa mtu wa Mtwara pia. Mtu anahisi mahali pake panabadilika bila kuulizwa, na lugha ndiyo sehemu ya mabadiliko hayo anayoweza kuigusa. Mkataba hauoni. Bei ya nyumba haina uso. Kiwanda kilichofungwa hakipandi treni. Lakini mama anayeongea na mwanawe kwa lugha nyingine amekaa pale, karibu, na hana nguvu ya kujibu. Ndiye anayebebeshwa hasira isiyo yake. Kijana wa pantoni, kama ana machungu ya kukosa ajira katika mkoa wenye gesi, bandari na korosho, wale kina mama hawana hata chembe ya jibu lake.

Ndiyo maana siamini kwamba kila anayelalamikia lugha ya wengine ana makosa. Pale lugha inapotumika kuamua jambo langu mbele yangu bila mimi kujua, nina haki ya kusema, na kwa sauti. Mkulima aliyekaa kwenye mnada wa korosho akawaona wanunuzi wakinong'onezana kwa lugha yao kuhusu bei ya jasho lake, ana haki ya kuuliza. Mwanakijiji anayetakiwa kutia alama ya kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza inayohusu shamba lake ana haki ya kugoma hadi isomwe kwa lugha anayoijua. Kwa miaka mingi hukumu za mahakama zetu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, mtu akahukumiwa kifungo asijue jaji ameandika nini. Ilibidi tungoje hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndipo Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Miaka yote hiyo, ni mara ngapi mtu alisimama kortini akamwambia wakili, "Hapa ni Tanzania, ongea Kiswahili tuwaelewe"? Ule ndio ulikuwa ukumbi wa kusemea maneno yale. Tuliyanyamazia pale, tukaja kuyasemea kwenye pantoni.

Mwaka jana nilimpeleka jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, katika hospitali moja ya huku. Bibi huyu anajua Kiswahili cha salamu na cha kununua chumvi. Maumivu anayasema kwa Kimakua. Tulipoingia, daktari kijana akamuuliza yanaanzia wapi, na bibi akaeleza kwa urefu, mkono ukishuka kutoka kifuani hadi ubavuni. Muuguzi akamkata: "Bibi, ongea Kiswahili, hapa siyo kijijini." Bibi akajaribu. Akasema, "Hapa panauma." Basi. Yale yote aliyokuwa ameyaeleza yakawa maneno mawili. Mimi Kimakua sikijui. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa.

Mama aliyekuwa akipiga deki kwenye korido akasimama mlangoni na mti wa deki mkononi. "Daktari, samahani," akasema. "Bibi anasema yanaanza akipanda mlima na mzigo, yanamshika mkono wa kushoto, na juzi alianguka." Daktari akaweka kalamu chini. Akaagiza vipimo vya moyo.

Tulikaa pale hadi alasiri tukisubiri majibu. Yule mama alipomaliza zamu yake hakuondoka. Alikuja akakaa kwenye benchi karibu na bibi, akamfungulia kikapu, akamgawia ming'oko iliyochemshwa, wakaanza kuongea. Waliongea muda mrefu, bibi akicheka kwa mkono mdomoni, akionyesha mahali mbali kwa kidole, labda mashamba, labda watu. Benchi lilikuwa limejaa. Sikuelewa hata neno moja, na hakuna aliyewauliza wanasema nini.